Namna ya Kufuatilia Historia ya Nyumba Kongwe ya Mikindani au Lindi, na Watu Walioimiliki

Mwishoni mwa Machi 1866 David Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba amepanga nyumba Mikindani kwa dola nne kwa mwezi, apate mahali pa kuweka mizigo aliyoishusha kabla ya kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Dola za wakati ule ni zile za Maria Theresa, ambazo watu wa pwani waliziita reale. Leo mjini Mikindani ipo nyumba yenye kibao cha kumkumbuka, na wageni hupiga picha mbele yake. Mpangaji wa siku chache amebaki ukutani, ilhali mtu aliyezipokea dola zile nne, ambaye ndiye aliyekuwa na nyumba, hana kibao popote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kumtafuta mtu wa namna hiyo: mwenye nyumba wa kale, waliomtangulia na waliomrithi, iwe nyumba hiyo ipo Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Kivinje.

Jambo la kwanza ni kujua unafuatilia nini, kwa maana nyumba moja ina historia tatu ambazo mara nyingi hazilingani. Kuna historia ya jengo, yaani lini lilijengwa, likaongezwa ghorofa au likabadilishwa paa; kuna historia ya kiwanja kilicho chini yake; na kuna historia ya watu, ambao wengine walimiliki bila kuishi humo na wengine waliishi miaka hamsini bila kumiliki hata jiwe. Mtafiti anayezichanganya historia hizi tatu huishia kuandika kwamba nyumba ina umri wa miaka mia mbili kwa sababu tu ukoo wenye kiwanja umekuwepo kwa miaka mia mbili. Fungua daftari lenye safu tatu, na kila habari unayoipata iingie katika safu yake.

Wanaoandika historia za nyumba za mabwana wa zamani huko Uingereza hututambia kwa wingi wa karatasi walizo nazo, na ni kweli wamebahatika: kuna kitabu cha sensa ya mali cha mwaka 1086 kiitwacho Domesday, na kuna kumbukumbu za mabaraza ya mashamba zilizoandikwa kwa Kilatini hadi mwaka 1733. Hata hivyo nao wanajikwaa palepale tunapojikwaa sisi. Jumba la Haddon Hall, huko Derbyshire, lilitoka katika ukoo wa Vernon likaingia katika ukoo wa Manners katika karne ya 16 kwa njia ya kawaida kabisa, kwamba binti mrithi, Dorothy Vernon, aliolewa na John Manners. Lakini wageni wanapofika hapo hupenda zaidi kisa cha Dorothy kutoroka usiku na mpenzi wake, kisa ambacho kilianza kuandikwa na kuenea katika karne ya 19, miaka mia tatu hivi baada ya arusi yenyewe. Kwa hiyo karatasi nyingi hazimkingi mtu na hadithi tamu, na mtafiti wa Mikindani asijione mnyonge.

Soma kuta kabla ya kusoma karatasi

Nenda ukaitazame nyumba asubuhi, jua likiwa pembeni, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha mahali plasta ilipobomolewa na kuzibwa. Nyumba za kale za pwani hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba: kwa kuwa mti wa mkoko haubebi dari nzito ya mawe na chokaa kwa umbali mkubwa, vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, vyenye upana wa karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Pima basi. Ukikuta chumba cha mita tano kisicho na nguzo katikati, angalia juu utaona mihimili ya chuma au zege, na hapo ujue kwamba ama nyumba ni ya wakati wa Wajerumani au baadaye, ama dari imejengwa upya. Mihimili ya chuma nayo isome kwa tochi, kwani viwanda vilikuwa na desturi ya kupiga chapa ya jina kwenye chuma, na vigae vyekundu vya paa vilivyotoka Mangalore, India, vina chapa upande wa chini.

Milango ya nakshi ni ushahidi wa kutumia kwa hadhari. Mlango huhama: huuzwa, hurithiwa, hutolewa kwenye nyumba iliyoanguka na kutiwa kwenye nyumba mpya, na tarehe iliyochongwa juu ya mlango ni tarehe ya mlango tu mpaka uthibitishe vinginevyo. Angalia kama fremu imeingia ukutani pamoja na mawe au imepachikwa baadaye kwa saruji.

Tarehe zenyewe zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na mimi mwenyewe niliwahi kulikosea jengo moja kwa zaidi ya nusu karne. Katika miji yetu utakuta kalenda tatu ukutani. Ya kwanza ni ya miladi, ambayo haina tabu. Ya pili ni ya hijria: chukua mwaka, uzidishe kwa 0.97, uongeze 622, utapata mwaka wa miladi kwa kukaribia, hivyo 1313 ni kama 1895. Ukisoma tarakimu za Kiarabu kwenye plasta iliyolika, kumbuka kwamba mbili na tatu zinafanana sana, na jino moja lililomomonyoka linabadilisha mwaka. Ya tatu ndiyo iliyoniangusha. Wafanyabiashara wa Kihindi waliotoka Gujarat walihesabu miaka kwa kalenda yao ya Samvat, ambayo iko mbele ya miladi kwa miaka 57 katika majuma yanayofuata Diwali, sikukuu ya Wahindu ya Oktoba au Novemba, hadi mwisho wa Desemba, na miaka 56 katika miezi iliyobaki. Jengo lililoandikwa 1952 kwa hesabu hiyo ni la 1895 au 1896. Niliposoma 1952 nikaandika kwamba ni nyumba ya zama za Waingereza, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu yeye alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na aliikuta nyumba hiyo ikiwa tayari inavuja. Ni vizuri kukumbuka kwamba 1313, 1952 na 1895 zinaweza kuwa mwaka mmoja, na ndio mwaka ambao Wajerumani walijenga Boma la Mikindani.

Kama nyumba yako ipo Shangani, Mtwara mjini, usijisumbue na haya. Mji wa Mtwara ulipangwa na kujengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga, uliohitaji bandari yenye kina na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na reli ikang'olewa miaka michache baada ya uhuru. Nyumba za pale zina historia nzuri, ila ni fupi, na sehemu kubwa yake imo katika mafaili ya serikali.

Kuzungumza na wazee

Usianze kwa kuuliza hati. Katika miji yetu, mtu anayefika na daftari akiuliza nyumba ni ya nani hudhaniwa katumwa na benki, na mahakama au na mrithi aliyejificha Dar es Salaam, na akishadhaniwa hivyo kila mlango utafungwa kwa adabu kubwa. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, kisha fika kwa wenyewe na shikamoo yako, ukae, na ueleze waziwazi kwamba unaandika historia na kwamba nakala wataipata.

Swali la "mwenye nyumba alikuwa nani" halifai, kwa maana kwa Kiswahili chetu mwenye nyumba anaweza kuwa anayemiliki, anayeishi, au mume tu wa mama aliyemiliki. Uliza mambo yanayoonekana: Bibi, nani alikuwa akipokea kodi? Paa lilipong'oka nani alinunua mabati? Aliyekufa humu alizikwa wapi, na nani alisimamia arobaini? Nani alikuwa akilala chumba cha juu? Majibu ya maswali haya huwa sahihi kuliko jina linalotolewa kwa haraka. Na usiwasikilize wanaume peke yao. Kinamama ndio wanaokumbuka nani alizaliwa chumba gani, nani aliachwa, nani alirudi na watoto. Na nasaba ya nyumba, ukiifuata vizuri, mara nyingi inapitia kwa mama.

Miaka nayo usiiulize kwa tarakimu. Uliza kwa matukio: je, ilikuwa kabla ya Waingereza kuingia, nao waliingia Lindi na Mikindani mwezi Septemba 1916? Kabla ya vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917, ambavyo vishindo vyake vilikuwa upande wa bonde la Lukuledi? Kabla ya karanga, au reli ikiwa inafanya kazi? Kabla ya mkoa wa Mtwara kugawanywa mwaka 1971, Lindi ikawa mkoa wake? Mtu asiyejua alizaliwa mwaka gani anaweza kukueleza bila kusita kwamba babu yake alihamia nyumba ile treni ikiwa bado inapita.

Kurudi nyuma, hati kwa hati

Kanuni isiyovunjwa ni kuanza na mmiliki wa leo na kurudi nyuma hatua moja baada ya nyingine. Anayeanza na liwali wa mwaka 1870 na kujaribu kushuka hadi leo hupotea njiani, kwa sababu majina yanafanana na kila ukoo unao Saidi na Mwanahamisi wake.

Katika ofisi ya ardhi ya halmashauri omba namba ya kiwanja na kitalu, na ramani ya mipango miji inayokionyesha. Ukiwa na namba hiyo, nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa uombe upekuzi rasmi katika daftari la Msajili wa Hati, ambao hufanyika kwa malipo ya ada. Omba pia daftari la nyaraka, ambalo ni tofauti na daftari la hati na ndilo linalohifadhi mikataba ya mauzo, rehani na wosia wa mali ambazo hazikuwa na hatimiliki. Watu wengi hupekua la kwanza, wakaambiwa hakuna kitu, wakarudi nyumbani.

Unaporudi nyuma katika miaka utakutana na mabadiliko ya sheria ambayo usipoyajua utadhani nyumba imeuzwa kumbe ni jina la haki ndilo lililobadilika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ndiyo inayotawala sasa. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Ukiona mmiliki mwenye jina la Kihindi anatoweka ghafla katika mwaka huo, tafuta kwanza hapo kabla ya kuandika kwamba aliuza. Mwaka 1969 ukodishaji kutoka serikalini uligeuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi, na mwaka 1963 umilikaji wa moja kwa moja, uliokuwa hauna kikomo, uligeuzwa kuwa ukodishaji wa miaka 99. Nyuma zaidi kuna sheria za mwaka 1923 za Waingereza, na kabla yake, kuanzia 1920, mali za Wajerumani zilikusanywa kama mali za adui na kuuzwa, jambo lililowaingiza wamiliki wapya wengi kwa mpigo mmoja. Nyuma kabisa kuna amri ya Kaizari wa Ujerumani ya Novemba 1895, iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni ya serikali. Amri hiyo iliwalazimu watu wa mjini kuleta uthibitisho, na ndiyo sababu karatasi kadhaa za zamani zinaanzia miaka hiyo, hata kama nyumba yenyewe ni ya zamani zaidi.

Fedha iliyotajwa katika hati itakusaidia pale tarehe ilipofutika. Reale ni za zamani. Rupia iliyogawanyika katika pesa 64 ni ya wakati wa Wajerumani kabla ya mwaka 1904. Rupia iliyogawanyika katika heller 100 ni ya baada ya hapo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, na ya Tanzania mwaka 1966.

Hati nyingi za kabla ya amri ile ya Kaizari zipo kwenye masanduku ya familia, kwa herufi za Kiarabu, pengine kwa lugha ya Kiswahili chenyewe. Tafuta shehe au mwalimu wa madrasa aliyezoea kuzisoma, mpige picha karatasi mkiwa mmeiweka pale pale nyumbani, wala usiondoke nayo hata ukiruhusiwa. Na hapa kuna mtego mkubwa: hati inayosema kwamba fulani amemuuzia fulani nyumba yake huenda si ya mauzo. Kulikuwa na desturi ya pwani ya kuuza kwa khiyari, ambapo mkopaji alimuuzia mkopeshaji nyumba kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani anaipata tena, na muda wote huo aliendelea kuishi humo, akilipa kile kilichoitwa kodi lakini kwa kweli ni malipo ya mkopo. Ukiona muuzaji anapanga nyumba aliyoiuza jana, soma sharti mara mbili kabla ya kuandika kwamba nyumba ilitoka mikononi mwake.

Mirathi, wakfu na ukoo

Orodha ya wamiliki wa Kiingereza huenda kwa mstari mmoja, baba kwa mwana wa kwanza. Ya kwetu hupanuka kama mizizi ya mkoko. Kwa mirathi ya Kiislamu, mwanamume akifa akiacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mke anapata thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa kijana akipata mara mbili ya kila binti. Ukigawa nyumba mafungu 32, mke ana 4, kijana 14, na kila binti 7. Baada ya vizazi vitatu bila kuuza, nyumba moja yaweza kuwa na wenyewe arobaini, wengine wakiwa Zanzibar na wengine hawajui kama wana chochote. Chora mti wa ukoo na uandike mafungu, kwani bila hesabu hiyo hutaelewa kwa nini nyumba nzuri katikati ya mji imeachwa ianguke: ni kwamba hakuna mmoja mwenye fungu la kutosha kumtia moyo wa kutengeneza, na wote kwa pamoja hawakubaliani kuuza.

Mambo mawili yanaweza kukata mtiririko huo. Nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na msikiti wa jirani mara nyingi ndio unaojua. Na familia zenye asili ya Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera hufuata upande wa mama kwa desturi ya kale, hivyo nyumba yaweza kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa pasipo hata mtoto mmoja wa marehemu kulalamika. Kwa familia za Kikristo, vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni za Masasi, iliyoanza 1876, na Ndanda, iliyoanza 1906, husaidia kuunganisha majina.

Mafaili ya mbali

Makavazi ya Taifa, Dar es Salaam, yanahifadhi mafaili ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, pamoja na mafaili ya jimbo la kusini. Makavazi ya Zanzibar yanafaa kwa mambo ya kabla ya 1890, hasa mikopo na biashara. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha barua kutoka miji ya pwani, na humo hutajwa vifo, harusi na safari za watu wakubwa wa mji. Huko nje, mafaili ya Tanganyika yapo Kew, London, chini ya alama CO 691, na ya wizara ya makoloni ya Kijerumani yapo Berlin chini ya alama R 1001. Kwa asiye na nauli, lenye manufaa zaidi ni mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, unaotazamwa kwenye intaneti. Picha moja ya Lindi iliyopigwa kutoka baharini inaweza kuthibitisha kwamba ghorofa ya pili haikuwepo.

Kuandika

Kila sentensi ya historia yako iseme imetoka wapi: ukutani, mdomoni au karatasini. Vyanzo viwili vikipingana, viandike vyote viwili na useme unaegemea upi na kwa nini. Pia jihadhari na mikono yako mwenyewe: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mengine hulindwa kwa kutangazwa, kwa hiyo usikwangue plasta kutafuta tarehe kabla ya kuiuliza Idara ya Mambo ya Kale. Nakala moja uipeleke kwa wenye nyumba kabla ya mtu mwingine yeyote, ukawasomee kwa sauti, kwani kuna majina yatakayosahihishwa hapo hapo na kuna mambo ya ndani ambayo watakuomba uyaondoe, nawe uyaondoe.

Mahali ambapo jina halikupatikana pasifichwe, wala pasijazwe jina la mgeni mashuhuri aliyepita. Mstari ubaki na kile kinachojulikana. Katika daftari langu la Mikindani, safu ya watu, mwaka 1866, imeandikwa hivi: mpangaji, Livingstone, mwenye nyumba, jina bado, kodi, dola nne kwa mwezi.